Ngazi mbili zimekwenda wapi? Unyevu kwenye nyumba ya wazee, Machame

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, fundi. Mume wangu ni kitinda mimba, na kwa mila ya Kichaga nyumba ya wazee imekuwa yake. Baba mkwe aliijenga mwaka 1968 kwa pesa ya kahawa. Kuta ni mawe ya mtoni na udongo, nje akazifunika kwa lipu ya saruji. Tangu mama mkwe atutoke mwaka 2011 hakuna aliyelala humo. Sasa tumerudi kihambani, shamba la ukoo lenye nyumba hii, na watoto wetu watatu, tunafanya kazi kila Jumamosi na jioni baada ya sala ya nyumbani. Chumba cha nyuma, upande wa mlimani, ukuta umelowa hadi usawa wa kiuno, na hata Agosti mvua ilipokatika haukukauka. Lipu inabanduka vipande vikubwa. Juu ya mlango wa mbele kuna ufa uliopita katikati ya maandishi ambayo baba mkwe aliyachora kwa msumari saruji ikiwa mbichi: "ZAB. 127:1 – 1968". Fundi mmoja anasema tubomoe tujenge kwa bloku. Mwingine anataka abandue lipu yote apige mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Mume wangu anasikitika kwamba hata mlango wa jikoni, uliokuwa na ngazi mbili, siku hizi unatoka moja kwa moja uani. Tungependa ibada ya shukrani Desemba, ukoo wote ukiwa nyumbani. Mikahawa nayo imekuwa msitu. Tuna mshahara wa mwalimu mmoja. Tuanzie wapi?

JIBU: Amina, dada. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linarudi kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu: mlango wa jikoni ulikuwa na ngazi mbili, sasa hauna. Hizo ngazi hazijaibiwa wala hazijaoza. Zipo palepale, chini ya udongo.

Ngazi mbili ni kama sentimita 30 hadi 35. Huo ndio udongo uliojilundika nyuma ya nyumba tangu ibaki tupu: majani ya migomba, samadi, tope linaloteremka kila masika bila mtu wa kulizoa. Wazee walikuwa wakilikokota kwa jembe na kulirudisha migombani, na hakuna aliyeiita kazi hiyo ukarabati. Leo uani kwenu kuko juu kuliko sakafu ya chumba cha nyuma. Ukuta wa mawe na udongo ukizikwa namna hiyo hunywa maji kama utambi wa koroboi unavyonywa mafuta ya taa.

Kwa hiyo msibomoe, na msipige lipu. Si mwaka huu. Mawe ya mtoni ya ukuta ule hayajachoka. Kilichochoka ni udongo unaoyashika, na umechoka kwa maji. Mkijenga kwa bloku mahali palepale bila kuyaondoa maji, bloku nazo zitalowa.

Anzeni na jembe. Fukueni kuanzia mlango wa jikoni hadi mzione ngazi zote mbili, kisha endeleeni kandokando ya ukuta mpaka udongo wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hadi 20. Tafadhali msichimbue urefu wote wa ukuta kwa siku moja. Udongo ule, pamoja na ubaya wake, umekuwa ukiuegemeza ukuta. Chimbeni mita moja, ruka mita mbili, chimbeni nyingine, mkaguwe kama kuna jiwe lililolegea, ndipo mrudi kwenye sehemu mlizoruka. Mkiuona mwisho wa msingi, simameni hapo hapo. Msichimbe chini yake hata kidogo. Mkimaliza, ardhi iinamishwe kwenda mbali na nyumba, sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita mbili za kwanza. Udongo mtakaoutoa ni mbolea, upelekeni migombani. Watoto wanaweza kusaidia kuubeba kwa ndoo.

Lakini udongo wa uani peke yake hauelezi maji ya Agosti. Maji ya mvua ya masika yangekuwa yamepungua kufikia wakati huo. Ukuta unaobaki umelowa wakati wa kiangazi unalishwa na kitu, na kwa nyumba ya Machame swali langu la kwanza ni hili: juu yenu kunapita mfongo, yaani mfereji wa jadi wa Wachaga wa kumwagilia mashamba? Jumamosi ijayo mume wako apande mlimani na mzee mmoja anayekumbuka mifereji ya eneo hilo. Watafute mstari wa nyasi mbichi mahali ambapo kwingine kumekauka, au magimbi yanayostawi penyewe bila mtu kumwagilia. Mfongo ulioziba kwa majani hupasuka ukingo, au maji yake huzama pembeni taratibu na kuteremka chini ya ardhi hadi yakutane na kizuizi. Kizuizi chenyewe ni msingi wenu. Nimewahi kufuatilia unyevu wa namna hii nikaukuta unatoka kwenye nduwa ya zamani, bwawa la kukusanyia maji ya mfongo, mita zaidi ya mia juu ya nyumba, ambayo watu walidhani imekauka.

Mkiukuta, msiuzibe wenyewe. Mfongo una wenyewe, na kuna jirani chini yenu anayeutegemea kwa mboga zake. Ongeeni na wazee wa mfongo, jitoleeni siku ya kuusafisha pamoja nao. Kama itabidi kuugeuza njia, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ihusishwe kabla hamjagusa kitu. Upande wenu, chimbeni mtaro wa kukinga maji kama mita tatu juu ya nyumba, kina cha sentimita 60, ukiteremka walau sentimita 1 kwa kila mita, uyapitishe maji pembeni mwa nyumba na kuyamwaga kwenye migomba. Mtaro huo uwe umekwisha kabla ya mvua za vuli.

Wakati huohuo tazameni juu. Mchana jua likiwa kali, fungeni milango na madirisha yote, mwingie chini ya paa. Tundu la bati litaonekana kama nyota. Liwekeeni alama kwa chaki kwenye papi, ule ubao unaopigiliwa bati. Kisha mchukue bisibisi mchome kenchi na papi karibu na ukuta, kwa sababu mbao huanza kuoza pale zinapogusa ukuta uliolowa. Bisibisi ikizama bila nguvu, hiyo mbao imekwisha. Ikigota, iacheni. Bati lililotoboka badilisheni hilo tu kwa sasa, mchukue geji 28 na si 30, maana 30 ni jembamba zaidi. Na kama pesa ni ya kitu kimoja, iwe gata. Paa la mita 8 kwa 10 kwenye mvua ya milimita 1,500 kwa mwaka hupokea lita 120,000. Bila gata, maji hayo yote yanaanguka sentimita chache kutoka msingi wenu na kurukia ukuta. Mkiweka gata na tangi, mtapata na maji ya kuchanganyia chokaa.

Nije kwenye lipu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, na niseme wazi kwamba nami niliwahi kuipoteza ya mwenzangu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipewa nyumba ya mawe kama yenu. Nikabandua lipu, nikapiga mpya ya saruji yenye dawa, ikang'aa. Masika moja ilipopita, nikaitwa. Nikagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, ukalia kama kibuyu kitupu. Nilipochokonoa kwa ncha ya mwiko, kipande kikubwa kama mlango kikaanguka kizima, na nyuma yake udongo ulikuwa uji. Unyevu, ambao awali uliishia magotini, sasa ulikuwa umefika kifuani. Saruji ilikuwa imeyafungia maji ndani ya ukuta, nayo yakapanda kutafuta pa kutokea. Niliwarudishia wenye nyumba fedha ya kazi, na tangu siku hiyo sipigi saruji tupu juu ya ukuta wa udongo.

Ukuta wa mawe na udongo unahitaji kupumua. Kinachoufaa ni chokaa. Bandueni lipu iliyolegea tu, ile inayolia ukiigonga. Iliyoshika vizuri isubiri. Ndani, chumba cha nyuma, bandueni hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, mfungue madirisha, muuache ukuta uchi. Mtauona unavyobadilika rangi wiki hadi wiki. Mwambieni mtoto mkubwa achore mstari wa penseli kila mwisho wa mwezi mahali unyevu ulipofika, na tarehe pembeni. Mstari ukishuka, mtaro na uani vimefanya kazi. Usiposhuka, bado kuna maji hamjayakamata, na hakuna lipu itakayowasaidia.

Upeni ukuta masika nzima, Machi hadi Mei, kabla ya kuufunika. Najua ni kusubiri kurefu kwa watu waliokwisha kusubiri miaka. Mvua kubwa ndiyo itakayowaonyesha kama mtaro umekaa sawa, na ni heri mlione hilo ukuta ukiwa wazi.

Baada ya hapo, Agosti na Septemba, jazeni viungo vya mawe. Kwangueni udongo uliolegea kina cha sentimita 4 hivi, pigeni brashi, nyunyizeni maji, mshindilie chokaa moja kwa mchanga tatu, na mahali penye uwazi mkubwa mpachike vijiwe kama kabari. Fanyeni eneo la mita moja ya mraba, mhamie kwingine. Lipu yenyewe ipigwe kwa mchanganyiko huohuo, tabaka mbili nyembamba, kila moja ifunikwe kwa magunia yaliyolowa kwa wiki nzima. Chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa, na kwenye ukungu wa Juni na Julai huko kwenu itachelewa mno, ndiyo maana nimetaja Agosti. Sehemu ya chini ya nje inayorukiwa na maji inaweza kupata mchanganyiko wa saruji moja, chokaa mbili, mchanga tisa. Huo una nguvu kidogo na bado unapitisha mvuke. Watoto wasiguse chokaa mbichi. Inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Nanyi vaeni glavu na miwani, ndoo ya maji safi iwe karibu.

Kwa mikahawa nitasema kidogo. Msiing'oe na msiikate yote mara moja. Kateni theluthi moja baada ya mavuno, kabla ya masika, kisiki kibaki sentimita 30 hadi 45 na mkato uiname maji yasitulie juu yake. Machipukizi yakija, bakizeni mawili au matatu yenye nguvu. Mwaka wa pili theluthi nyingine. Penye mapengo, nendeni TaCRI Lyamungu, taasisi ya utafiti wa kahawa, ni jirani zenu, mkaulizie miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani.

Ibada ya Desemba ifanyieni uwanjani. Mtaro ukiwa wazi na ukuta ukiwa uchi, ukoo utaelewa, na pengine shemeji wawili watashika koleo kabla ya kurudi mjini. Nawasihi msikope ili kupaka rangi kwa ajili ya wageni.

Sasa yale maandishi. "BWANA asipoijenga nyumba, waijengao wafanya kazi bure." Mzee alichagua neno hilo saruji ikiwa mbichi, na ningependa wajukuu wake walisome palepale alipoliandika. Kwanza tujue kama ufa unaendelea. Bandikeni kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, juu kidogo ya maandishi, kwa donge la saruji kila upande, mwandike tarehe. Kikibaki kizima hadi mwisho wa masika, ukuta umetulia. Kikivunjika, bado unatembea. Kwa vyovyote chomeni bisibisi kwenye lenta ya mbao juu ya mlango. Nina wasiwasi nayo, maana ufa wa juu ya mlango mara nyingi huanzia kwenye lenta iliyooza. Kama imeoza, msiitoe wenyewe. Mwiteni fundi mwashi mwenye uzoefu, asimamishe mirunda miwili na mhimili kabla ya kuigusa, kisha aweke mbao nyingine ngumu iliyotiwa dawa ya mchwa.

Ufa ukishatulia, kipande chenye maandishi kigongwe taratibu kwa kidole ili mjue wapi kimeachana na ukuta. Kiegemezeni kwa ubao uliofungwa gunia, ukishikwa na mrunda, kisianguke. Tobolea vitundu viwili ndani ya ufa wenyewe, mbali na herufi. Pulizia maji kidogo, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano ingiza uji mwembamba wa chokaa iliyochekechwa, kidogo kidogo, ukianzia tundu la chini mpaka uuone ukitokea la juu. Futa kwa sponji iliyolowa kabla haujakauka. Ubao ukae hapo wiki mbili. Ufa utabaki unaonekana kama uzi mweupe kati ya 127 na 1968, na msiupake kitu juu yake.