Hela ya kimbunga si yangu, na Juni msinitegemee

Mjomba, shikamoo. Mama, shikamoo. Wengine wote salaam.

Nimeisikiliza ile sauti inayozunguka kwenye kundi la ukoo, ya yule bwana anayesema Marekani kimbunga kikipiga tu serikali inampa kila mtu dola 750, na kwamba sisi wa Houston tunakiombea kije. Mjomba ukaongeza la kwako: Mungu akijalia kimbunga mwaka huu, mabati ya nyumba ya Pongwe yatapatikana. Mdogo wangu naye akamalizia kwa kejeli zake: kaka yuko nchi ya viyoyozi, joto analisikia redioni. Mwanzo nilicheka. Baadaye nikakasirika, na hasira bado ninazo, kwa hiyo mnivumilie lugha.

Hiyo hela ipo, sikatai. Kimbunga Beryl kilipotupiga Julai 2024, kiwango kilikuwa hicho hicho, dola 750 za mahitaji ya haraka. Lakini haigawiwi kama pilau ya maulidi. Unaomba, unaonyesha kwamba ulikuwa unaishi hapo, unaonyesha maafa yamekufikaje, kisha ndiyo linakuja swali la karatasi. Raia anapata. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anapata. Aliyekwisha kukubaliwa ukimbizi anapata. Mwenye viza ya masomo hapati. Mwenye kibali cha kazi na kesi ya uhamiaji inayongoja, yaani mimi, hapati. Jirani yangu Mkongo, kesi yake inangoja kama yangu, aliomba kwa jina la mwanawe aliyezaliwa hapa. Mtoto hata shule hajaanza, lakini nyumba nzima ile ni yeye peke yake mwenye haki. Mimi mtoto wa hapa sina. Kodi ya mapato nakatwa kila mshahara kama wao. Haya, hilo tuliache.

Ninalotaka mlijue ni la pesa, maana ndilo linalotugombanisha kila mwaka kuanzia Juni.

Beryl kilipotua pwani ya Texas, upande wa Matagorda, tarehe 8 Julai, kilikuwa daraja la kwanza, la chini kabisa kati ya matano. Siku chache nyuma, kikiwa Karibi, kilifika daraja la tano, na hakijawahi kurekodiwa kimbunga cha Atlantiki kilichofika huko mapema namna ile katika msimu. Kwa hiyo watu hapa waliona kimepoa, hakina neno. Upepo wenyewe ulitushughulikia saa chache za asubuhi: miti chini, nguzo chini, na wateja zaidi ya milioni mbili bila umeme. Mchana jua likatoka, jua zuri tu, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Mtaniambia Tanga nako kuna joto na TANESCO wanakata. Kweli. Lakini Julai ninyi mna upepo wa kusi, usiku mnajifunika shuka. Na umeme ukikatika mnatoa mkeka nje, mnakaa barazani, mnapigwa na upepo wa bahari na mazungumzo yanaendelea. Nyumba za hapa zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Kuta za mbao na jasi, dirisha linafunguka kidogo tu, mimi ghorofa ya tatu nimeelekea magharibi. Nje ni nyuzi 34, na kwa unyevu uliokuwepo mwili unasikia zaidi ya 40, na usiku joto haliondoki. Wazee walikufa humo ndani ya nyumba, wala si kwa upepo, kwa joto. Wengine waliua familia zao kwa jenereta: unaiwasha kwenye gereji au karibu na dirisha, moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, mnalala mkiwa mmefurahi feni inazunguka.

Sasa pesa. Ghala ninalobebea boksi halikuwa na umeme, likafungwa. Mimi nalipwa kwa saa, likifungwa hakuna saa. Vyakula vyote vya friji na friza nikatupa. Foleni ya petroli, barafu ya kununua, chakula cha kununua kwa sababu jiko ni la umeme. Tarehe 1 Agosti mwenye nyumba akataka kodi yake kamili, hakupunguza hata senti. Mwezi ule nilituma dawa za Mama basi. Na kuna mtu kwenye kundi hili, anajijua, akaandika kwamba nimeanza kuwasahau. Miezi miwili kabla ya hapo, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea Mafia, mimi ndiye nilikuwa nawapigia simu usiku kuuliza kama paa liko salama. Beryl kilipopita, niliulizwa kuhusu ada.

Hata mwaka usio na kimbunga, Juni ni mwezi mbaya kwangu. Bili ya umeme inapanda karibu mara mbili, kwa sababu kiyoyozi hakizimwi, na si anasa. Kazini kiyoyozi hakipo. Sisi tunapakua ndani ya matela ya malori yaliyolala juani. Ukifungua mlango hewa inayokupiga usoni ni ya moto. Na msidhani Marekani nzima sheria inamlinda mtu. Miji ya Austin na Dallas, hapa hapa Texas, ilikuwa na kanuni ya kuwapa wajenzi dakika 10 za kupumzika na kunywa maji kila saa nne. Mwaka 2023 wabunge wa jimbo wakapitisha sheria ya kuzibatilisha kanuni za namna hiyo. Dakika 10 za maji! Kwetu hapa tunakunywa msimamizi akigeuka. Kwa hiyo, mdogo wangu, joto redioni silisikii, nalisikia mgongoni.

Halafu kuna maandalizi, na hayo ni hela pia. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kishindo chake hasa ni kati ya Agosti na Oktoba. Mwishoni mwa Mei idara ya hali ya hewa, NOAA, inatangaza mwelekeo wa msimu, kama TMA wanavyotoa mwelekeo wa masika: vimbunga vingapi vitapewa majina, vingapi vitakuwa vikali. Wanaijua kazi yao. Mwaka 2024 walisema 17 hadi 25, vikaja 18. Tatizo ni kwamba hesabu haikwambii kitatua wapi. Mwaka 1983 msimu mzima ulikuwa na vinne tu vyenye majina, na kimojawapo, Alicia, kikaja moja kwa moja Galveston na Houston. Mwaka 2025 hakuna hata kimoja kilichofikia daraja la kimbunga kamili kilichotua Marekani, lakini waulizeni watu wa Jamaika habari ya kimbunga Melissa. Kwa hiyo utabiri ukiwa mwepesi nanunua maji, ukiwa mzito nanunua maji.

Na si maji tu. Galoni moja kwa mtu kwa siku, karibu lita nne, za siku kadhaa. Vyakula vya kopo. Tochi, betri, chaja za kubeba. Feni ya betri, hiyo msiicheke. Noti mkononi, maana umeme ukikatika mashine za kadi zinakufa na dukani wanataka taslimu. Tangi la gari halishuki chini ya nusu. Karatasi zote, pasi, kibali, barua za mahakama ya uhamiaji, ndani ya mfuko usiopitisha maji, mfuko huo unalala karibu na mlango. Mimi nyumba ikizama nitaokoa mfuko huo kabla ya televisheni.

Mdogo wangu, wewe unayejaza fomu za chuo cha hapa kwa ajili ya Agosti, nisikilize. Usije Agosti. Najua muhula unaanza Agosti, basi njoo, lakini njoo ukijua. Usipange chumba cha chini kwa sababu ni rahisi. Bima ya mpangaji ambayo chuo au mwenye nyumba atakulazimisha haigusi mafuriko. Ya mafuriko ni nyingine, na ukiinunua inaanza kazi baada ya siku 30. Kimbunga Harvey mwaka 2017 kilikuja na mvua ya zaidi ya milimita 1,000 katika baadhi ya sehemu za Houston, siku chache tu. Masika yenu yote yangeingia humo.

Wakisema mhame, hama. Ila wakisema eneo lako halihusiki, kaa, usikimbie kwa sababu rafiki yako kakimbia. Mwaka 2005 kimbunga Rita kilipokuja, watu zaidi ya milioni mbili waliingia barabarani kwa pamoja, magari yakaganda juani, na waliokufa kwenye kuhama wakawa wengi kuliko waliouawa na kimbunga chenyewe. Hapa wana kanuni: kimbia maji, upepo jifiche. Jenereta usinunue. Mimi ninayo, ndogo, nimeshirikiana na Mkongo, lakini wewe usinunue, huna mahali pa kuiweka. Ukiona kizunguzungu na jasho limekata kazini, acha boksi chini, toka, hata wakikufukuza. Mimi sijawahi kutoka, na wewe usinifuate mimi.

Na ukifika, kwangu kuna godoro. Usiende kwa watu.

Sasa hesabu. Kidato cha tano kinaanza Julai, najua, na binti kapangiwa shule ya mbali. Nauli, godoro na trunka nitatuma mwanzoni mwa Juni, kabla bili haijafika. Michango mingine ya shule mgawane hapo. Mjomba una ng'ombe wawili, sisemi zaidi. Mabati hapana. Mabati tuzungumze Novemba, msimu ukikaribia kwisha, na nikibaki na ile akiba niliyoitenga kwa ajili ya kimbunga nitaitoa yote, niwekeeni ushahidi. Kukitokea kimbunga, akiba hiyo ndiyo dola 750 zangu, nimejipa mwenyewe.

Harusi ya Agosti mtanisamehe. Nitatuma kitu, lakini jina langu msiliandike kwenye kamati.

Mama, dawa zako hazimo kwenye hesabu hii, ni Ijumaa ile ile ya kila mwezi, hata umeme usipokuwepo. Mwaka ule nilitumia simu ya jirani na nitafanya hivyo tena. Usiwe unazimega katikati ili zifike mwisho wa mwezi, daktari alishasema.

Mjomba, ile sauti ifute, usiitume kwa watu wa Muheza. Na mkisikia kimbunga kinaelekea Texas, pigeni kwanza, mniulize niko wapi.