Maswali Yenu: Mungu Hazungumziwi kwa Niaba

Mtumishi, nisome sura ngapi za Biblia kwa siku ili nikue kiroho?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara jibu ni lile lile: acha kuhesabu. Biblia ina sura 1,189. Ukisoma nne kwa siku utaimaliza kabla ya mwaka kwisha, na bado unaweza kutoka humo mkavu kama ulivyoingia. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku, waone kama aliyowahubiria Paulo ndivyo yalivyo. Chukua Injili ya Marko, soma kisa kimoja, funga kitabu, kisha mwambie Mungu ulichokiona. Kesho endelea ulipoishia. Na ule mstari mmoja unaoletwa kwenye simu asubuhi, ukausambaza kwa watu hamsini bila kufungua hata sura ulikotoka, usiuite kusoma Neno.

Je, maombi ya kimya kimya yanasikika?

Hana aliomba midomo ikicheza tu, sauti haisikiki, hata kuhani Eli akadhani amelewa. Mungu alisikia, akampa mtoto aliyemwomba, Samweli.

Naomba kila siku, miezi sasa, lakini ni kama nasema na ukuta. Wenzangu wanalia machozi, mimi sihisi chochote. Nimemkosea nini Mungu?

Dada yangu, huenda hujamkosea lolote. Naumia nikiona jinsi tulivyowafundisha watu kupima maombi kwa machozi. Fungua Zaburi ya 88 uisome mpaka mwisho. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna shukrani, hakuna ushuhuda. Nayo imo katika zile 150, haikuondolewa. Katika Zaburi ya 13, Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne ndani ya mistari miwili. Huyo ni mtu anayeomba, na anaomba vizuri.

Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, na wengi walishtuka kusoma kwamba kwa miaka mingi sana alikuwa akiomba bila kuonja uwepo wa Mungu. Hakuacha kuomba, wala hakuwaacha maskini wake. Mimi nilipomzika mama yangu, nilikaa karibu mwaka mzima nikisema Baba Yetu tu, asubuhi na jioni, moyo mzito kama jiwe. Sikuwa na maneno mengine. Leo nikitazama nyuma, sioni mwaka ambao nilimshika Mungu kwa nguvu kuliko ule.

Kwa hiyo usiigize machozi ili ufanane na wenzako. Mwambie Mungu hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi: "Ni kama nasema na ukuta." Hilo tayari ni ombi. Jambo jingine ambalo hukuuliza: kama usingizi umekukimbia na chakula hakipiti, nenda pia kwa daktari. Nabii Eliya alipochoka mpaka akaomba afe, hakuhubiriwa kwanza. Aliachwa alale, akalishwa na malaika mara mbili, ndipo akaanza safari ya Horebu, mlima wa Mungu.

Mtumishi mmoja ameniambia nitume sadaka maalumu ndipo aingie kwenye maombi kwa ajili yangu. Nitume?

Usitume.

Naamani, jemadari mwenye ukoma, alifika kwa nabii Elisha na talanta kumi za fedha, akaponywa. Elisha hakugusa kitu. Gehazi, mtumishi wake, ndiye aliyemkimbilia mgeni njiani akachukua talanta mbili, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Simoni wa Samaria naye alipowaletea mitume fedha ili auziwe uwezo wao, Petro alimkemea vikali. Kuombewa ni jema, Yakobo anawaagiza wagonjwa wawaite wazee wa kanisa. Lakini barua yako ni ndefu, yote ni mtumishi kasema hiki, mtumishi kaona kile, na hakuna mstari hata mmoja unaoeleza wewe mwenyewe umemwambia Mungu nini. Hilo linanitia hofu kuliko hata hiyo fedha. Yesu alipokufa, pazia la hekalu lililowazuia watu wasimkaribie Mungu lilipasuka toka juu hata chini. Anayekudai kiingilio amelishona upya kwa mikono yake. Leo usiku funga mlango wako, taja shida yako kwa jina lake, mbele za Baba, wewe mwenyewe.

Nikianguka dhambini nakaa siku tatu au nne bila kuomba. Naona ni unafiki kurudi siku hiyo hiyo. Ni sawa?

Siku hizo nne hazikutakasi, ndugu yangu. Zinakuzoesha tu kuishi bila Yeye, na safari nyingine zitakuwa kumi. Yohana ameandika kwamba Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa. Sura tatu mbele, Yesu mfufuka anamngoja ufuoni, na mbele yake kuna nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake. Alimlisha kwanza, kisha akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwambia aende akatulie kwanza. Rudi saa ile ile, na aibu yako. Kama umemdhulumu mtu, mfuate umrudishie kilicho chake. Hapo hasa ndipo watu wengi wanapokwepa, wakasingizia kwamba wanaona aibu kuomba.

Kama uhusiano na Mungu ni wa mtu binafsi, kanisani naenda kufanya nini?

Wanafunzi walipomwomba Yesu awafundishe kusali, aliwapa "Baba yetu", na riziki yetu, na makosa yetu. Hata ukiwa peke yako chumbani, sala hiyo inakuingiza kwa wenzako. Nahisi kuna mtu aliyekuumiza huko ukaamua kujitenga. Kama ndivyo, niandikie hilo lenyewe, tulizungumze. Jumapili hii nenda, hata ukikaa kiti cha mwisho.