Maswali ya wasomaji: Tanbihi zinazopotea njia

SWALI: Naandika mapitio ya machapisho kuhusu adhabu ya kifo, shahada ya uzamili, hapa Kampala. Msimamizi amenirudishia rasimu: eti tanbihi zangu zinaelekeza kusiko, na namba za sheria ni za zamani. Natumia OSCOLA, mtindo wa kunukuu vyanzo vya kisheria. Nirekebishe vipi?

JIBU: Kosa la kwanza ni la uchapaji tu. OSCOLA hutaja chanzo kikamilifu mara moja. Baadaye huandikwa jina la ukoo, namba ya tanbihi ya kwanza, kisha ukurasa, tuseme: Okello (n 4) 31. Ukiichapa hiyo 4 kwa mkono, halafu ukapenyeza tanbihi nyingine juu yake, Okello anahamia namba 5 na wewe bado unamtuma msomaji kwa mwingine. Ndani ya Word, iingize kama rejeo mtambuka (cross-reference), namba inayojisasisha. Kabla ya kuwasilisha, bofya ndani ya tanbihi mojawapo, bonyeza Ctrl+A, kisha F9. Ukibofya kwenye matini kuu, tanbihi hazitasasishwa. Nayo «ibid» (yaani «chanzo kilekile») iache hadi siku ya mwisho, maana hurejelea tanbihi iliyo juu yake tu. Ikiwa hiyo ina vyanzo viwili, «ibid» huvibeba vyote viwili.

La pili ni la Uganda yenyewe. Toleo la 7 la sheria zilizorekebishwa lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, likabadili namba. Penal Code Act (Kanuni ya Adhabu) iliyokuwa Cap 120, yaani sura ya 120, sasa ni Cap 128. Kosa la mauaji limetoka vifungu vya 188 na 189 likaenda 171 na 172. Lakini usizibadilishe zote kwa mkupuo! Unapojadili hukumu ya zamani, acha namba aliyoitumia jaji, uongeze ya sasa kwenye tanbihi. Katiba ya 1995 hutajwa kwa ibara: art 22(1).

Kesi yako kuu bila shaka ni hii:

*Attorney General v Susan Kigula and 417 Others* (Constitutional Appeal No 3 of 2006) [2009] UGSC 6.

Jina ni italiki. Baada ya «v» na «No» hakuna nukta. Mwaka umo katika mabano ya mraba kwa kuwa ndio unaoitambulisha hukumu. Jarida lenye namba za juzuu huchukua mabano ya kawaida. UGSC ni Mahakama ya Juu, UGCC Mahakama ya Katiba. Kesi hii ilipita kote kuwili, kwa hiyo hakikisha unanukuu hukumu uliyoisoma.

Kwenye tanbihi jina la kwanza la mwandishi hutangulia. Kwenye orodha ya marejeleo, la ukoo.