Kabla Hujaiuza Bunduki Yako ya Springi

Msomaji mmoja aliyeko Uingereza ameuliza swali ambalo linarudi kila msimu. Ana bunduki ya upepo ya springi, Weihrauch HW97K ya kipenyo cha milimita 4.5, anawindia sungura na njiwa pori kwenye shamba alilopewa ruhusa. Ameizoea. Lakini wenzake wamehamia kwenye bunduki za mtungi, zile za PCP zinazojazwa hewa ya shinikizo, na muuzaji yuko tayari kuichukua ya zamani akiongezewa pesa ampe HW100, ambayo ni ya mtungi. Je, abadilishe?

Jibu ni: bado. Kwanza aipime aliyo nayo, kwa sababu wengi wanaobadilisha bunduki wanakimbia skrubu iliyolegea.

(Haya ni ya Uingereza. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania huwindi bila leseni. Usisome hapa ukatoka mbio porini.)

Kipimo chenyewe ni hiki. Chora duara la milimita 25 kwenye karatasi; hilo ndilo eneo la ubongo wa sungura, kati ya jicho na sikio, ukiacha nafasi kidogo ya makosa. Simama mita 20, kisha 25, 30 na 35. Piga risasi tano kila umbali, umekaa au umepiga goti kama unavyowinda kweli, si juu ya meza. Rudia siku nyingine yenye baridi au upepo, na ile risasi ya kwanza kabisa ya siku uihesabu, maana sungura hakupi ya kujaribia. Umbali wa mwisho ambao zote tano zimeingia ndani ya duara ndio umbali wako wa uhakika. Ukiambiwa na mtu kwamba anaua mita 50 kwa bunduki ya nguvu ndogo isiyohitaji cheti cha silaha, mwombe akuonyeshe karatasi.

Halafu piga tena umeegemea mfuko wa mchanga, ukiweka kiganja kati ya mfuko na kitako. Usiiweke bunduki ya springi moja kwa moja juu ya kitu kigumu, itaruka na risasi zitapanda. Kama kwenye mfuko risasi zinakaa pamoja na kwenye goti zinatawanyika, tatizo liko kwenye mikono. Kama zinatawanyika kote, kagua chuma.

Anza na skrubu za kitako: zile za pembeni upande wa mbele, na zile za kinga ya triga. Bunduki ya springi hutikisika pande mbili, nyuma kisha mbele, na mtikisiko huo hulegeza kila kitu. Robo mzunguko tu inatosha kuhamisha shabaha. Zitoe, zisafishe mafuta, tia tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee, ile ya nguvu ya kati, kaza bila kuumiza mbao. Kisha vishikio vya darubini. Darubini huteleza nyuma kidogo kidogo bila wewe kuona, kwa hiyo piga alama ya penseli kwenye reli ulinganishe baada ya risasi mia. Tumia kishikio chenye pini inayoingia kwenye tundu la reli. Na darubini yenyewe iwe imetengenezwa kwa bunduki za springi. Iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki za moto, yaani za baruti, inaweza kuvunjika ndani, kwa kuwa imeandaliwa kwa mrudo wa upande mmoja tu.

Baada ya hapo tafuta kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, ya kuazima au ya klabu. Risasi kumi za kopo moja. Risasi ya greni 8.44 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) ikitoka kwa mita 239 kwa sekunde inabeba futi-pauni 11.5, kipimo cha nguvu yake, na hapo pazuri. Tofauti kati ya ya kasi zaidi na ya polepole ikiwa chini ya mita 6 kwa sekunde, bunduki ni nzima. Ikizidi mita 10, shuku sili ya mlango wa mtutu: zungushia kipande cha karatasi laini pale mtutu unapokutana na chemba, fyatua ukiwa na risasi ndani, na karatasi ikirushwa ujue hewa inavuja. Kasi ikishuka yote kwa pamoja, springi imechoka au sili ya pistoni imelika. Ikipanda ghafla, na moshi na harufu ya kuungua, kuna mafuta yaliyoingia mbele ya pistoni na yanalipuka. Hakuna tundu pale linalohitaji tone la mafuta, hata kama uliambiwa hivyo na mzee wako. Springi na sili mpya ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bunduki nyingine, ila kufungua kunataka kibano cha kushikilia springi. Usiifungue kwa magoti, inatoka na nguvu ya kuvunja meno.

Sasa, baada ya yote hayo, mtungi unakupa nini? Unakupa utulivu. Kwenye springi, ukivuta triga pistoni nzito inakwenda mbele, bunduki inarudi nyuma, halafu inasukumwa mbele, na sehemu kubwa ya hayo hutokea risasi ikiwa bado mtutuni. Ndiyo maana unatakiwa kuishika kwa ulegevu, mkono wa mbele uwe kiti tu, na mahali palepale kila mara. Bunduki ya mtungi haijali sana unavyoishika. Unaweza kuibana kwenye mti, kuilaza kwenye uzio, kupiga umelala kifudifudi. Na HW100 ina kibebeo cha risasi 14, kwa hiyo ya pili iko tayari bila kuinuka kukoki, jambo linaloleta tofauti kubwa ukiwinda panya zizini usiku. Mwenye bega au mgongo mbovu asifikirie mara mbili.

Lakini haikupi umbali kwa njia wengi wanayodhani. Kikomo cha kisheria ni kilekile, futi-pauni 12, kwa hiyo risasi inadondoka vilevile. Kosa la kukadiria umbali utabaki nalo, na hapa ndipo watu wanapojiharibia kwa kuchanganya mabadiliko mawili kwa mpigo: wanatoka springi kwenda mtungi, na papo hapo kutoka 4.5 kwenda 5.5. Risasi ya 5.5 ya greni 15.89, kwa futi-pauni zilezile 11.5, inatoka kwa mita 174 hivi kwa sekunde. Darubini zote mbili zikiwa zimerekebishwa kwa mita 30, halafu sungura awe mita 35 wewe ukidhani 30: ile ya 4.5 inashuka karibu sentimita moja na nusu chini ya ulipolenga, ile ya 5.5 karibu tatu. Ya kwanza iko ukingoni mwa duara. Ya pili imepiga taya, na huyo mnyama atakimbia kwenda kufia shimoni. Ukihama, hama na kipenyo chako. Cha 5.5 kifae kwa panya na kindi wa kijivu wa karibu, mahali umbali unaujua.

Sheria isichezewe. Uingereza na Wales huhitaji leseni chini ya futi-pauni 12, lakini ikivuka hata kidogo ni silaha ya kuhitaji cheti, na kutojua si utetezi. Ile risasi ya greni 8.44 inafika kikomo ikitoka kwa mita 244 kwa sekunde, yaani mita tano tu juu ya pale nilipopaita pazuri. Scotland inataka cheti cha silaha ya upepo tangu tarehe 31 Desemba 2016, chini ya kikomo hichohicho. Na bunduki ya mtungi ina tabia iliyo kinyume na springi: kwa kawaida risasi nzito huipandishia nguvu. Iliyopimwa kwa risasi nyepesi ikaonekana halali inaweza kuvuka ukiitia nzito. Ipime na nzito kuliko zote utakazotumia.

Hesabu pia vinavyokuja nyuma ya bunduki. Mtungi mkubwa wa hewa wa bar 232 au 300 (bar ni kipimo cha shinikizo), bomba, geji, na vipimo vya usalama vya mtungi kila baada ya miaka kadhaa; duka halijazi uliopitwa na tarehe. Ukisema utatumia pampu ya mkono, jua kuipandisha hadi bar 200 ni jasho la kweli, na unyevu unaingia usipopumzisha pampu ipoe. Oringi zake, yaani pete za mpira za kuzuia hewa isivuje, hupakwa grisi ya silikoni pekee. Mafuta ya petroli au ya injini ndani ya hewa ya shinikizo kubwa yanaweza kuwaka.

Ya mitumba ikaguliwe hivi: ijazwe hadi shinikizo lake la kazi mbele yako, iachwe usiku kucha, sindano ya geji isisogee. Ipite kwenye kronografu tangu imejaa hadi kasi ianze kushuka. Isiyo na regulata, kile kifaa cha kusawazisha shinikizo, itaanza chini kidogo, itapanda, kisha itashuka. Kile kilele ndicho cha kulinganisha na sheria, na ule mstari ulionyooka wa katikati ndio idadi ya risasi ulizonunua, si ile muuzaji aliyoitaja. Tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuza, na uangalie ndani ya kizuia sauti kama risasi zimekwangua.

Kama karatasi zako zinaonyesha mita 30 za uhakika na shamba lako halikupi sungura mbali zaidi ya hapo, baki na springi yako, ununue makopo ya risasi kwa hiyo pesa ufanye mazoezi. Kama mfuko unatoa mita 35 na goti linatoa 20, na mazoezi hayajaisogeza, mtungi utakufaa.

Ukiamua, usiiache HW97 dukani siku hiyohiyo. Bei ya kubadilishana huwa chini ya ile ya kuiuza mwenyewe, na mtungi mpya ukianza kuvuja katikati ya msimu utabaki mikono mitupu. Ikae kabatini, imefungwa mbali na watoto, haijakokiwa, chuma kimefutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Msimu ukiisha, iuze kwa mtu wa miaka 18 au zaidi, ana kwa ana, na umpe majibu ya kronografu ya risasi kumi pamoja na kopo la risasi inayoipenda.