Usiuze kiti chako kwa ajili ya Genesis 9

Juzi usiku kijana mmoja wa Kayole ninayechora naye wahusika wa 3D kwa kompyuta alinipigia simu. Alisikika kama mtu aliyekwisha kata shauri na anatafuta tu wa kumwitikia. "Dada, nimepata mtu wa kununua kiti changu na spika. Nikiongezea kidogo nitahamia Genesis 9, ile miili ya 3D ya Daz, nichukue na nguo zake. Picha zangu zimekwama kwa sababu ya hizi modeli za zamani, si ndiyo?"

Nilimwambia asiuze kiti, maana mchoraji hukaa saa nyingi na mgongo ni mmoja. Kisha nikamwomba anitumie picha zake tatu za mwisho, na nikazitazama hadi karibu saa sita. Ninayoandika hapa ni yale niliyomjibu asubuhi, pamoja na mengine yasiyofaa kuelezwa kwa simu.

Sisi tunaochora wahusika wa 3D kwa mapenzi hatuchongi mwili kuanzia mwanzo. Tunachukua mwili uliokwisha kuundwa, wenye mifupa ndani yake na vitelezi vya kunenepesha, kuzeesha au kupanua pua, kisha tunauvika, tunauweka mkao na kuuangazia. Kazi hii ina umri. Programu ya Poser ilitoka mwaka 1995. Mwaka 2000 kampuni ya Daz 3D, inayotengeneza miili kama hiyo, ikaanza kujitegemea, na wakongwe bado wanawakumbuka wahusika wake Victoria na Michael wa enzi hizo. Genesis ya kwanza, kizazi kimoja cha miili ya kampuni hiyo, ilikuja 2011, ya pili 2013, ya tatu 2015. Kisha hesabu ikaruka hadi ya nane mwaka 2017, na ya tisa ikatoka 2022. Daz Studio yenyewe, programu ya kuitumia miili hiyo, haiuzwi, na mwili wa msingi wa kila kizazi hupatikana bure. Pesa huenda kwenye ngozi, nywele, viatu, nguo na mikao, na hapo ndipo kuhama kunapogusa mfuko. Mikao ya Genesis 8 haiingii kwenye 9 bila kugeuzwa, kwa kuwa mifupa imepangwa upya. Ngozi nazo haziendi moja kwa moja, kwa kuwa ramani ya kuzilaza mwilini ni nyingine. Nguo hubebeka kwa kiasi, lakini viatu hupindika na sketi hunasa katikati ya miguu.

Mimi nilihama mwishoni mwa 2022. Mchana nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha huku River Road, napanga kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Usiku ndio wangu. Nilinunua mhusika mmoja mzee, ngozi yake, nywele mbili na gauni moja. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 123, nikaona heri ninunue mapema. (Kufikia Januari 2024 ilikuwa inakaribia 160, kwa hiyo kwa hesabu ya shilingi peke yake sikukosea.) Nilichokosea ni kudhani mwili mpya ungenipa picha niliyokuwa nikiitafuta kwa miaka: nyanya yangu akiwa jikoni, amechuchumaa mbele ya mafiga, anapuliza moto.

Picha hiyo nilianza kuirenda, yaani kuiacha kompyuta ikokotoe mwanga na vivuli hadi itoke kamili, Ijumaa jioni. Kompyuta yangu ni ya mtumba, na kadi ya picha ina memori ya giga 6. Hapa kuna hesabu ambayo kila mchoraji wa hali yangu aijue kabla ya kutoa pesa. Picha moja ya ngozi yenye pikseli 4096 kwa 4096 hula takriban megabaiti 50 ikiwa haijabanwa. Ukienda 8192 kwa 8192, inakuwa mara nne, takriban megabaiti 200. Na mhusika hana picha moja: ana ya uso, ya kiwiliwili, ya mikono na ya miguu, na kila sehemu ina picha ya rangi, ya mng'ao na ya mikunjo. Ongeza nywele na gauni. Iray, injini inayorenda ndani ya Daz Studio, ikikuta mandhari hayaenei kwenye kadi huyahamishia kwenye prosesa, na hapo kazi ya dakika arubaini hugeuka kuwa ya usiku kucha. Yangu ilifika saa kumi alfajiri, stima ikapotea. Nilikaa gizani nikisikiliza feni ya kompyuta ikizima polepole. Niliumia sana.

Lakini kilichonifundisha si giza lile. Kesho yake nilifungua kile kipande kilichokuwa kimehifadhiwa nikakitazama vizuri. Ngozi ilikuwa nzuri ajabu, hata mikunjo ya shingo ilikuwa pale. Na yule mama hakuwa nyanya yangu. Alikuwa mgeni mwenye gauni la Ulaya aliyeinama karibu na moto. Nyanya hakuwahi kupuliza moto bila leso kiunoni na nyingine mabegani, na akichuchumaa visigino vyake vilikaa chini kabisa, magoti yakapanda hadi karibu na kifua. Mambo hayo mawili sikuyakuta dukani katika kizazi chochote.

Leso nikaitengeneza mwenyewe, na naomba nieleze kwa kirefu kwa sababu hiki ndicho kitu kilichobadilisha picha zangu kuliko ununuzi wowote. Leso ni mstatili wa takriban sentimita 150 kwa 110, basi. Haina mshono wala kola. Ndani ya Daz Studio unaunda bapa la vipimo hivyo, unaligawa vipande vidogo vingi ili lipinde kwa ulaini, kisha unalipa uwezo wa kitambaa kwa dForce, zana ya kuigiza jinsi kitambaa kinavyoanguka, ambayo tumekuwa nayo tangu 2017 na ambayo haiulizi mhusika wako ni wa kizazi gani. Halafu picha ya leso yenyewe. Nilimwomba mama anitolee moja sandukuni, nikaitandaza sakafuni karibu na mlango, mahali penye kivuli ili rangi zisiungue, nikapanda juu ya stuli na kuipiga picha kutoka juu moja kwa moja. Hakikisha pindo limeingia pande zote nne, mji wa katikati umenyooka, na jina linasomeka. Usiligeuze wala kulikata lile jina. Mtu wa kwetu akiiona picha yako, macho yatakwenda kwenye maandishi kabla ya uso.

Kuifunga ndiyo kazi. Mara tatu za kwanza ilimwanguka yule bibi kama pazia. Nikagundua kwamba nilikuwa nikianza na mhusika aliyekwisha kuchuchumaa, kitambaa kinajikuta kimebanwa kati ya paja na tumbo kabla hakijatulia. Anza akiwa wima, mzungushie leso kiunoni, kisha mwache ashuke polepole fremu baada ya fremu, kitambaa kikimfuata. Kile kifundo cha pembeni sikufunga kikweli. Nilichonga kijifundo kidogo nikakiweka juu ya mahali ncha mbili zinapokutana. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Nilifanya hayo kwa mhusika wa Genesis 8, ule mwili niliokuwa nao tangu 2018. Mama alipoiona kwenye simu alinyamaza, halafu akaniuliza ile leso niliitoa wapi, maana jina lake lilikuwa la doti waliyogawana yeye na dadake.

Turudi kwa kijana wetu. Picha yake iliyomsumbua zaidi ni ya makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu. Wazo zuri kabisa. Gari amelipaka vizuri, na mtindo wa maandishi ya ubavuni ni wa Nairobi hasa. Lakini tazama mkono: vidole vimelizunguka bomba la mlango bila kuligusa, kuna upenyo ambao mwanga unapita. Bega liko sawasawa na lile jingine. Nyonga iko katikati. Mtu huyo haning'inii, amesimama hewani tu na gari limechorwa nyuma yake. Nilimwambia aende steji asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, asimame na uji wake atazame tu. Makanga akining'inia, bega la mkono ulioshika hupanda hadi karibu na sikio, nyonga hutoka nje, mguu mmoja ndio unaobeba uzito na mwingine unaelea tayari kwa kuruka, na shingo inageukia nyuma kwa sababu anatafuta abiria. Vitelezi vya mkao huo wote vimo tayari kwenye mwili alio nao. Vingekuwemo hata kama angekuwa bado na Genesis 3.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa nina ukali kidogo, kwa kuwa naona vijana wengi wakiilaumu modeli kwa kosa la taa. Wahusika wao weusi wanatoka na rangi ya majivu. Wanaongeza taa, majivu yanazidi. Ngozi nyeusi huonekana kwa mng'ao wake: yale mabaka ya nuru kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, ukingo wa pua. Taa ndogo kali ya mbele inaua vyote hivyo. Weka taa kubwa pembeni, pana kama dirisha, hata mbili, na ufanye ukuta wa nyuma uwe na mwanga kidogo kuliko uso ili kichwa kisizame gizani. Na ukiwa umechukua ngozi nyeupe ukaipaka rangi ya kahawia juu, umepaka na viganja. Tazama kiganja chako sasa hivi. Tazama nyayo, kucha, upande wa ndani wa midomo. Ngozi iliyopigwa picha kwa mtu mweusi wa kweli huja na hayo yote, kwa hiyo kama una pesa ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua ngozi nzuri ya mtu mweusi kwa kizazi ulicho nacho.

Simaanishi kwamba kizazi kipya hakina faida. Genesis 9 ina mwili mmoja wa msingi kwa wanaume na wanawake, na wavu wake, yaani vile vipande vidogo vinavyounda umbo, ni mzito kuliko wa 8, kwa hiyo mabega na nyonga hupinda vizuri zaidi na uso unavumilia kutazamwa kwa karibu sana. Anayechora nyuso kubwa zinazojaza skrini, au anayetaka kumtoa mtoto, mzee na mwanamke mnene kutoka mwili uleule, atauona utofauti siku ya kwanza. Anayeanza leo bila hata shati moja la zamani aanze na 9; hana cha kupoteza. Na kama unauza vitu vyako kwa wachoraji wengine, wateja wako wanahamia huko, nawe huna budi kuhama. Nami bado ninayo, naitumia kwa nyuso.

Ila mtu mwenye kabati iliyojaa ya Genesis 8, kompyuta ya mtumba na dakika tisini za usiku baada ya kazi, hana dharura. Kabla ya kununua chochote afungue mandhari yake na kupunguza picha za ngozi za wahusika walio mbali kutoka 4096 hadi 1024. Picha ya megabaiti 50 inabaki na 3 tu, na kwa mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara hakuna jicho litakaloona. Mimi kwa njia hiyo niliwaingiza abiria wanane kwenye kadi ileile iliyokuwa inakataa mmoja. Asiye na pesa kabisa ana Blender, programu ya kuunda 3D, na MakeHuman, ya kutengeneza miili ya watu, zote za bure. Nguo za MakeHuman ni chache, lakini kwa leso hilo si tatizo.

Kijana alinisikiliza, akanyamaza, akasema atafikiri. Jioni akanitumia picha ya mkono tu, mkono mmoja umeshika bomba, vidole vimebana hadi viungo vimepauka. Ulikuwa umetengenezwa upya mara sita, alisema. Kiti bado anacho. Zile pesa ndogo alizokuwa ameweka atazipeleka Luthuli Avenue kuongeza memori ya kompyuta, na Jumamosi anakuja kwangu na leso tatu za nyanyake tuzipige picha kabla jua halijafika mlangoni.