Wadogo zangu mnaoanza programu, kaeni na daftari kwanza

Naandika programu mwaka wa kumi na moja sasa hapa Dar, na karibu kila wiki kuna kijana ananiuliza aanze na lugha gani, Python au JavaScript, anunue laptopu ya ram ngapi. Siku hizi kabla sijajibu hayo namhadithia kwanza habari za Dijkstra, maana nilimjua nikiwa nimeshachelewa na ningemjua mapema kuna usiku mwingi ningelala.

Edsger Dijkstra ni Mholanzi, kazaliwa Rotterdam 1930. Mwaka 1952 akachukuliwa kazi ya kuandika programu kwenye kituo cha hisabati cha Amsterdam, bado mwanafunzi wa fizikia. Sasa angalieni mazingira yake, wenzake wanaunga waya za mashine, yeye kapewa karatasi inayosema mashine ikishakamilika itaelewa amri hizi na hizi, basi, andika. Anaandikia kompyuta ambayo haijawaka bado, hana pa kubonyeza aone kama inakubali, kwa hiyo ilibidi awe na uhakika kichwani. Na kazi yenyewe haikujulikana hata na serikali, alipokwenda kufunga ndoa 1957 akajaza kwamba yeye ni mwandishi wa programu wakamkatalia, hakuna kazi kama hiyo, ikabidi aandike mwanafizikia.

Ile algorithimu yake, yaani mfuatano wa hatua, ya kutafuta njia fupi kuliko zote mnayosomeshwa chuoni aliipata 1956. Alikuwa anazunguka madukani Amsterdam na mchumba wake, wakachoka, wakakaa mgahawani kunywa kahawa, na hapo hapo kwa dakika kama 20 akaipata, bila kalamu wala karatasi. Baadaye alisema kukosa kalamu kulimsaidia, maana ukifikiria kwa kichwa kitupu unalazimika kukwepa kila ugumu usio na lazima. Akaichapisha 1959, kurasa chache tu.

Wengi mnaikariri bila kuielewa, ngoja tuifanye kwa daladala. Uko Ubungo unaenda Posta. Tuseme Ubungo hadi Mwenge dakika 15, Ubungo hadi Magomeni 20, Mwenge hadi Posta 40, Magomeni hadi Kariakoo 10, Kariakoo hadi Posta 8. Unaanza na kituo cha karibu kuliko vyote, Mwenge, 15, unakifunga, hakibadiliki tena. Kwa nini una uhakika? Kwa sababu njia nyingine yoyote ya kutoka Ubungo inaanzia Magomeni, na kufika Magomeni tu umeshakula 20, hutakuja kushuka chini ya 15 hata uzunguke vipi. Ukishaielewa hiyo sentensi moja umeielewa algorithimu nzima. Kupitia Mwenge, Posta inasoma 55, unaiandika kwa penseli. Unafunga Magomeni 20, Kariakoo inakuwa 30, unaifunga, halafu Posta inakuwa 38, unafuta ile 55. Na hapo hapo unaona kwa nini inakataa namba hasi, maana njia ikiwa na dakika pungufu ya sifuri ule uhakika wa Mwenge umekufa. Mnaosoma netiwaki, ruta zinazotumia OSPF, utaratibu wa ruta kujitafutia njia ya kupitisha data, zinapiga hesabu hii hii.

Sasa yangu. Mwaka wangu wa pili kazini niliandika mfumo wa stoo wa duka moja la jumla, makeshia wawili. Nikaujaribu wiki mbili, safi kabisa. Wiki ya kwanza ya kazi stoo ikaanza kudanganya, katoni ya mwisho inauzwa mara mbili, risiti mbili, mzigo mmoja, na mteja kasimama hapo kalipa. Nikakesha siku tatu nabadilisha mistari, nabonyeza, naangalia, nabadilisha tena. Kila nikijaribu mimi inakubali. Siku ya nne umeme ukakatika, laptopu ikazima, nikabaki na daftari na mshumaa. Nikachora safu mbili, keshia A na keshia B, nikaandika hatua moja moja: A anasoma stoo, 1. B anasoma stoo, 1. A anauza. B anauza. Haikufika nusu saa. Kosa halikuwa kwenye mstari wowote niliokuwa nabadilisha, lilikuwa kati ya kusoma na kuuza, na nilipokuwa najaribu peke yangu lisingeonekana milele kwa sababu mimi ni keshia mmoja.

Dijkstra alishalimaliza jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 60, akaliita semafori, jina la zile ishara za reli zinazozuia treni mbili kuingia kipande kimoja. Anayetaka kugusa stoo anasubiri ishara, anaingia peke yake, anasoma na kuuza, akitoka anamruhusu mwenzake. Leo databesi zina kufuli za kufanya hivyo, mimi nilikuwa sijui hata kama kuna tatizo la kuombea kufuli. Na ni yeye pia aliyesema majaribio yanaweza kuonyesha kwamba makosa yapo, hayawezi kuonyesha kwamba hayapo. Nilipoisoma hiyo niliikumbuka ile wiki mbili yangu ya safi kabisa.

Kwa hiyo ukija kufanya kazi na mimi, kabla ya kufungua laptopu nitakuomba unionyeshe karatasi. Kitu gani lazima kiwe kweli muda wote (kwa duka lile, stoo isishuke chini ya sifuri), nani wanagusa kwa pamoja, ikikatika katikati inakuwaje. Mnaoniambia siku hizi mashine inaandika yenyewe mnisikilize hapa hasa, ikikuandikia mistari 200 ni nani atajua kama makeshia wawili watagongana kama wewe hukuchora?

Yeye mwenyewe alizeeka na kalamu ya wino, aliandika maandiko zaidi ya 1,300 yenye namba, yanaanza na herufi EWD, anatoa kopi anawatumia rafiki, nao wanatoa kopi wanasambaza. Alifariki 2002. Chuo Kikuu cha Texas pale Austin, alipofundisha kuanzia 1984, wameyaweka mtandaoni bure. Anza na EWD340, hotuba aliyotoa 1972 alipopewa tuzo ya Turing, ile tuzo kubwa ya watu wa kompyuta, habari ya ile ndoa imo humo, kaichapishe uisome na penseli mkononi.