Nimekwama Walawi tangu Februari

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina watoto watatu, nauza vitumbua na chai nje ya nyumba yetu huku Mbagala. Mwaka mpya kanisani tuligawiwa ratiba ya kumaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Mwanzo na Kutoka nilikwenda vizuri. Nilipofika Walawi 13, kwenye mambo ya ukoma, nikakwama, na sasa ni Juni. Naamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Usiku nikifungua Biblia, mistari miwili tu nimeshasinzia. Mume wangu ni dereva wa daladala, anaingia saa tano usiku na hataki kusikia habari za kusoma pamoja. Wenzangu kwenye kikundi wakiulizwa wamefika wapi, mimi nainamisha kichwa. Je, imani yangu imepoa?
Mama Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe ni mfanyabiashara, basi tupige hesabu kwanza. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Gawa kwa siku 365: sura tatu na ushee kila siku, pasipo kuugua, pasipo msiba, pasipo mtoto kuharisha. Aliyepanga ratiba hiyo sidhani kama ana mtoto wa kunyonyesha.

Mimi nilikuwa muuguzi wa zamu, na watoto wanne nyumbani. Biblia yangu ina madoa ya mafuta ya taa mpaka leo, maana niliisomea jikoni kwa koroboi. Usiku mmoja nilitoka zamu nimechoka, nikawafokea watoto kwa ndoo moja ya maji waliyoimwaga, wakalala wananuna. Nikafungua 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amekimbia, amejilaza chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Nikangoja akemewe. Malaika akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akanywa, akalala tena! Hakuna aliyemwuliza amefika sura ya ngapi. Nami nikafunga kitabu, nikalala. Asubuhi wale niliowafokea niliwapikia uji wa karanga. Habari ile nilikaa nayo karibu mwezi mzima.

Kwa hiyo ratiba iweke kando, Walawi hakitakimbia. Chukua Ruthu, sura nne tu. Na usisome usiku, usiku ni wa kulala. Soma alfajiri, unga umeshaumuka na kikaango kinashika moto: hapo una dakika tano ambazo hakuna anayekuita. Mistari mitano inatosha, na ukitaka irudie hiyohiyo wiki nzima huku unageuza vitumbua. Utamkuta Naomi amerudi Bethlehemu, anawaambia wanawake wasimwite Naomi, wamwite Mara, yaani mchungu, kwa uchungu alio nao. Hakuna aliyemnyamazisha. Utamkuta Ruthu ameokota masuke tangu asubuhi, anapewa chakula, anakula anashiba, na alichosaza anampelekea mkwewe, huyohuyo Naomi. Huyo wewe unamjua kuliko wengi wanaomhubiri.

Kwenye kikundi waambie tu uko Ruthu. Basi.

Mtoto wako mkubwa kama anajua kusoma, mpe Biblia asome kwa sauti huku wewe unachambua mchele. Wangu wa pili alikuwa akifika kwenye Shadraka, Meshaki na Abednego anawataja kwa mkupuo kama konda anayetaja vituo, tunacheka mpaka mboga inaungua. Nina hakika kitabu cha Danieli alikijua kwa njia hiyo, si kwa mahubiri yangu.

Baba watoto usimtafutie mstari. Najua wanawake wanaoacha Waefeso 5, penye maagizo kwa waume na wake, wazi mezani, pembeni ya sahani ya ugali; mwanamume akiona anakula haraka na kutoka. Mtengee chakula chake kikiwa cha moto. Siku yake ya mapumziko, mtoto asomee sebuleni, mlango wa chumbani uwe wazi. Mume wangu mimi alianza kwa kusahihisha matamshi, akiwa bado kitandani.